Zawadi ya Kufungua Ulimi

Mzee Shemdin alitangaza habari ile akiwa na mtindi kwenye masharubu. Walikuwa wamekaa chini kuzunguka kitambaa cha chakula, mikate bado ina moto wa tanuri, naye akasema kwamba Ijumaa, baada ya swala, atamfungua mkwewe ulimi mbele ya ndugu na majirani, na kwamba zawadi ameshaiagiza kwa sonara wa mjini Cizre. Mkewe Khezal, aliyekuwa akimimina chai, aliendelea kumimina hata glasi ikafurika kwenye kisahani. Mwanawe Ferzende alipaliwa na mkate. Mkwe mwenyewe, Gulizar, alikuwa amesimama karibu na mlango, kitambaa cheupe kimemfunika mpaka chini ya midomo. Aliinamisha kichwa kwa adabu kama alivyofanya kila mzee alipomaliza kusema jambo, maana hakuwa ameelewa hata neno moja.

Zamani, katika vijiji vile vya chini ya mlima Judi, mwanamke aliyeolewa hakuthubutu kutoa sauti mbele ya baba mkwe. Alikaa kimya miezi, wengine miaka, akiitika kwa kichwa, mpaka mzee mwenyewe aridhike naye na kumpa zawadi, iwe mbuzi au dhahabu, na hapo ndipo ulimi wake ulipohesabiwa kuwa umefunguliwa. Desturi hiyo ilikuwa imeshakufa. Wakaza wana wa siku hizi walishuka garini na simu mkononi wakiuliza kama nyumba ina intaneti. Kwa hiyo Gulizar alipoletwa kutoka mji wa Mersin, pwani ya Uturuki, vuli iliyopita, akasimama mbele ya Mzee Shemdin pasipo kusema kitu, shangazi mmoja alijipiga paja akasema, "Mnaona? Huyu kalelewa. Kumbe bado wapo." Mzee macho yalimlowa palepale. Na Gulizar, ambaye kimya chake kilitokana na kutojua Kikurdi, kwa kuwa alilelewa kwa Kituruki tu, akawa mkwe wa mfano tangu siku ile.

Aliyeyazua yote hayo ni Ferzende. Kaka yake mkubwa, Tahsin, alikuwa ameoa na kuzaa Ujerumani, na kila sikukuu wale watoto waliwekwa mbele ya simu wamsalimie babu yao. Walisema, "Hujambo, babu," wakatazamana, wakasema tena, "Hujambo, babu," kisha picha ikazimika. Mzee aliapa mbele ya watu kwamba mkwe mwingine asiye na lugha hataingia mlango wake yeye akiwa hai. Ferzende alikuwa dereva wa lori la saruji huko Mersin, na moyo wake umeshatekwa na msichana wa ghorofa ya tatu ambaye wazazi wake ni Wakurdi wa milimani lakini yeye mwenyewe hajui kuomba maji kwa Kikurdi. Akaona heri adanganye kwanza, mengine Mungu atayapanga. Akamwambia baba yake kwamba binti huyo anaongea Kikurdi kama chiriku. Njia ya mwongo ni fupi, ila yake ilibahatika kupitia kwenye desturi, ikarefuka majira mazima ya baridi.

Khezal aliijua siri kabla ya wiki kwisha, kwa sababu jikoni hakuna kimya. Alikuwa na Kituruki cha sokoni, cha kununulia vitunguu na kugombania bei, na kwa hicho na mikono walielewana. Alimfundisha mkwewe maji, chumvi, mkate, lete, peleka, njoo ule. Zaidi ya hapo hakupata wasaa, na hakumwambia mumewe, kwa sababu ambayo angeona haya kuitaja. Sababu yenyewe ilikuwa kitanda cha mfumi.

Mzee Shemdin alifuma kile kitambaa chepesi cha manyoya ya mbuzi ambacho wanaume wa milimani hushonea suti za arusi. Alifanya kazi katika chumba cha uani, miguu ndani ya shimo, kitambaa kinajikunja mbele ya tumbo lake, na tangu Gulizar afike alimweka pembeni amzungushie uzi kwenye vijiti. Akawa anamsimulia. Alikuwa mtu wa maneno mengi ambaye maisha yake yote hakupata msikilizaji: mkewe alimkatiza, wanawe walimkimbia, wajukuu ndio hao wa kwenye simu. Sasa amepata mtu anayekaa, anayemtazama machoni, anayeitika kwa kichwa, na kamwe hamwambii kwamba hiyo umeshatusimulia. Alirudi ndani jioni amechangamka, anaomba chai, anamtania mkewe. Khezal alimwambia Ferzende kwamba baba yake amerudi kuwa kijana, na kwamba atakayeiharibu furaha ile atakula kofi.

Gulizar naye alimpenda mzee yule, tena sana. Baba yake mzazi alikuwa mtu wa kiwanda cha machungwa, aliyerudi, akala, akalala. Hakuna mwanamume aliyewahi kumketisha na kumweleza jambo kwa urefu namna ile, mikono ikipanda na kushuka, sauti mara kali, mara imelegea mpaka haisikiki. Alijifunza uso wake. Mzee akikunja paji, naye alikunja, akicheka, alitabasamu. Kuna siku moja ya theluji mzee alisimamisha kazi, akasema kwa muda mrefu bila kumtazama, machozi yanamtiririka kwenye masharubu, na Gulizar akalia pamoja naye pasipo kujua wanamlilia nani. Siku hiyo alijiona mwizi.

Hadithi kuu ya mzee, aliyowasimulia wageni, ilihusu asili ya lugha yao. Ilikuwa na Nabii Nuhu na safina, hilo Gulizar alilielewa kwa jina la Nuhu na kwa jinsi mzee alivyonyoosha kidole dirishani kuelekea Judi. Mengine alifasiriwa na mumewe baadaye, nusunusu. Mzee alishikilia kwamba neno la kwanza kusemwa duniani baada ya gharika lilikuwa la Kikurdi, na kwamba lugha nyingine zote ni za watu waliochelewa kushuka. Binamu yake, mwalimu Reshid, alisema kwa upole kuwa wataalamu wanaihesabu lugha yao ndugu wa Kiajemi, ukoo mmoja, na wengine wanaitafutia babu kwa Wamedi wa kale. Mzee alimjibu kwamba wataalamu hao nao walichelewa kushuka. Kisha, kila mara, hadithi ilipofika mwisho, Khezal alitupa neno moja fupi bila kuinua macho kwenye ushonaji wake, na chumba kizima kikaangua kicheko. Gulizar alicheka pia, nyuma kidogo ya wenzake, kama mtu anayepiga makofi asijue ngoma imeishia wapi. Kazi, baridi, ugeni, vyote alivizoea. Kile kicheko cha kuchelewa ndicho alichoshindwa kukizoea.

*

Alhamisi jikoni palikuwa na mahakama. Ferzende alitaka wamwambie mzee ukweli usiku ule ule, kisha akakumbuka kuwa ni yeye atakayeusema, akabadili rai: mama yake ndiye amwambie. Khezal alimuuliza kama alipodanganya alimtuma mama yake.

Gulizar alisema kwa Kituruki, akiutazama unga, kwamba anaona haya kupokea dhahabu ya mtu kwa ulimi asio nao. Alisema heri aaibike mbele ya mzee peke yake kuliko mbele ya watu.

"Mwanangu," Khezal alimwambia kwa Kituruki chake cha vitunguu, "haya yako weka. Ijumaa mbele. Wewe sema kidogo, sisi tafundisha pole pole, mzee tajua wewe mtulivu tu."

Wakamfundisha maneno ambayo mkaza mwana yeyote angeyasema: *Spas, bavo. Mala te ava be. Ser seran, ser çavan.* Ahsante, baba. Nyumba yako isitawi. Amri yako juu ya kichwa changu, juu ya macho yangu. Aliyakariri akikanda unga, akikamua mbuzi, akitandika magodoro. Khezal alimsahihisha sauti kwa kumpiga kijiko begani, na mwisho akaridhika, kwa kuwa ilitoka vizuri, kama ya mtu aliyezaliwa mtaa wa pili. Akamwagiza kwamba akishamaliza hapo ainame, aubusu mkono wa mzee, alie kidogo. Bi arusi akilia hakuna anayemuuliza kitu.

*

Ijumaa mlozi wa uani ulikuwa umechanua na watu walijaa mpaka kwenye ngazi. Kulikuwa na wali na nyama ya kondoo, majani ya mzabibu yaliyoviringwa, chai isiyokoma. Mzee Shemdin alikuwa amevaa suti aliyoifuma mwenyewe, mkanda wa kitambaa umemzunguka kiuno, amekaa wima kama yeye ndiye bwana arusi. Ililetwa sinia, na juu ya sinia bangili ya dhahabu, si nyembamba. Wanawake waliipima kwa macho wakakubaliana kimoyomoyo kwamba mzee hakubana mkono.

Akamwita mkwewe. Alisema kwamba nyumba hii ilikuwa imeanza kusahau adabu zake, na binti huyu amezirudisha bila kusema. Kwa hiyo leo, mbele ya watu, anamfungua ulimi. Akamvalisha bangili kwa mkono wake.

Gulizar alisema yale maneno yote, moja baada ya jingine, wazi, kwa sauti nzuri ambayo wengi walikuwa hawajawahi kuisikia. Vigelegele vilipanda mpaka njiwa wakaruka kwenye paa la jirani. Akaubusu mkono wa mzee, akauweka kwenye paji lake. Hakuhitaji kujilazimisha kulia. Khezal alishusha pumzi aliyokuwa ameibana tangu habari ile itangazwe.

Lakini mzee hakuuachia ule mkono. Aliinama kumkaribia, uso umemfunguka kwa mapenzi, akauliza: "Haya, mwanangu, sasa waambie hawa wanaoniita mropokaji. Katika yote niliyokusimulia msimu huu, lipi limekukaa moyoni?"

Gulizar alimtazama midomo, kisha macho, akitafuta kwenye uso ule anaoujua swali ni la namna gani, la kuchekea au la kuhuzunikia. Akasema, "Ahsante, baba. Nyumba yako isitawi."

Watu wakacheka kwa upole. Binamu mmoja akasema bi arusi kaingiwa na hofu, mpeni maji. Mzee naye akacheka, akamuuliza tena, taratibu zaidi, kama anavyoulizwa mtoto. Gulizar akajibu, "Amri yako juu ya kichwa changu, juu ya macho yangu."

Safari hii hakuna aliyecheka, isipokuwa msichana mmoja nyuma, aliyenyamazishwa kwa kiwiko. Mwalimu Reshid, ambaye kazi yake ni kuwatambua wanafunzi waliokariri, aliinamisha kichwa akatazama zulia.

"Baba," Gulizar akasema kwa Kituruki, "nisamehe. Sijui. Sikuwa naelewa."

Kituruki hicho mzee alikielewa. Alitazama uso wa Ferzende, akauona umeshuka. Alitazama uso wa Khezal, na huo ndio aliokaa nao zaidi.

"Hata wewe?" akamuuliza mkewe.

Khezal akamwambia akae, watu wanakula. Mzee aliinuka, akatafuta viatu vyake miongoni mwa viatu vya wageni, akavivaa kisigino kimekanyagwa, akavuka uani chini ya mlozi. Walisikia komeo la chumba cha kufumia. Wageni walimaliza wali kwa haraka isiyo ya kawaida yao, wakaaga mmoja mmoja, na kila aliyeaga alimwambia Khezal kwamba si kitu, yatapita, huku macho yakikimbilia kuizungumza habari hiyo nje ya geti.

Jioni Khezal alimpelekea mumewe chakula, na Gulizar, aliyefuata na mtungi wa maji, alisimama nyuma ya mlango. Hakuwa na haja ya kujua maneno ili asikie kwamba mzee hakuwa na hasira. Ingekuwa hasira wangeizoea.

"Nilimweleza habari za Perwin," mzee alikuwa akisema. "Nilimweleza vile nilivyomchimbia kaburi kwa mikono. Hata wewe sijawahi kukueleza, Khezal, mama yake. Nilimweleza huyu kwa sababu alinisikiliza. Nikalia, naye akalia. Kumbe nilikuwa naongea na ukuta, na ninyi mko jikoni mnanitazama naongea na ukuta."

Khezal alikaa chini kando yake, sahani bado mkononi.

Gulizar alidaka jina moja tu. Alimuuliza Ferzende Perwin ni nani. Ferzende alikaa kitako ukingoni mwa godoro akamwambia kwamba alikuwa dada yake, aliyekufa akiwa mtoto, kwa homa, njiani katika baridi ile ambayo kijiji chao kilitolewa watu kwa nguvu na wao wakashuka mlima kwa miguu. Yeye mwenyewe alikuwa hajazaliwa. Nyumbani halitajwi. Gulizar akaikumbuka ile siku ya theluji na machozi kwenye masharubu. Akafahamu alichokuwa amekabidhiwa, na namna alivyokipokea kwa kuitika kichwa.

*

Mzee hakumfukuza mtu. Alirudi kula nao, akawa anajibu akiulizwa, akamsamehe Ferzende kwa namna ya kumtuma dukani. Kwa Gulizar tu hakuwa na neno. Hakumkaripia, hakumtazama vibaya. Akipewa chai aliipokea na kuishukuru glasi. Uzi alizungusha mwenyewe, na kwa kuwa macho yake hayakuwa mazuri uliviringika vibaya, ukakatika, kitambaa kikatoka na vifundo. Khezal alimwambia kwamba kitambaa hicho hakuna bwana arusi atakayekivaa labda aoe gizani. Kila asubuhi Gulizar alizungusha vijiti vyake vizuri, akavipanga kizingitini mwa chumba cha kufumia, na kila jioni alivikuta palepale.

Bangili alijaribu kuirudisha. Khezal aliikataa kwa mikono miwili. Zawadi ya ulimi hairudi kwa mtoaji, alisema. Ni yako, itupe mtoni ukitaka. Gulizar akaifunga kwenye leso akaiweka chini ya mto, na Ferzende alipomwambia kwamba wanaweza kurudi Mersin, kazi ya lori bado ipo, alikaa siku mbili akilifikiria jambo hilo. Hakutaka kurudi. Alitaka kuketi tena pembeni mwa kile kitanda cha mfumi, na hiyo ndiyo sehemu pekee duniani asiyoweza kununua tiketi ya kuifikia.

Akampigia simu mama yake, Hediye, akamweleza yote. Upande wa pili akasikia mtu anapenga kamasi.

"Kosa ni langu," mama yake alisema kwa Kituruki. "Kaka yako siku ya kwanza ya shule alijikojolea darasani, kwa sababu hakujua kuomba ruhusa kwa Kituruki. Watoto walimwita jina baya mwaka mzima. Nikaifua ile suruali, nikaapa kwamba ninyi wengine hamtalisikia neno la Kikurdi mdomoni mwangu. Nilitaka msilie."

Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, na Hediye alilia mpaka salio likakaribia kwisha. Gulizar alimngoja. Halafu akamwomba kitu ambacho hakuwahi kumwomba: amsemeshe kama anavyojisemesha mwenyewe akiwa peke yake.

"Nikwambie nini?"

"Chochote. Unapika nini?"

Mama yake akaanza, kwa aibu, kama mtu anayevua viatu nyumba ya watu. Akasema anamenya bamia. Akasema bamia za mwaka huu ni ngumu. Sauti yake kwa Kikurdi ilikuwa ya mwanamke mwingine, mcheshi, mwenye haraka, na Gulizar alijiuliza huyo alikuwa amefichwa wapi siku zote hizo. Tangu hapo walizungumza kila asubuhi, simu imeegemezwa kwenye debe la unga. Khezal alijiunga akiwa upande wa tanuri, na wale mama wawili, ambao arusini walikuwa wamesalimiana kwa baridi, sasa walisengenya mtaa mzima wa Mersin na kijiji kizima cha huku, na Gulizar katikati akaokota. Hakuokota mengi. Lakini aliyoyaokota hayakuwa ya kukariri.

*

Mwanzo wa kiangazi, tunda la mforosadi lilipoanza kuanguka lenyewe, asubuhi moja Gulizar alifungua leso, akaitoa bangili, akavuka uani. Vijiti vyake vya uzi vilikuwa kizingitini. Alivivuka. Mzee Shemdin alikuwa kazini, mgongo mlangoni, hakugeuka. Gulizar alizunguka mbele, akaiweka bangili juu ya kitambaa, mahali hasa ambapo uzi ulitakiwa upite, hivyo mzee asingeweza kuendelea bila kuigusa.

"Baba," akasema kwa Kikurdi. "Wewe ulimi fungwa. Hii zawadi. Mimi nafungua."

Mzee aliitazama bangili. Alimtazama yeye, aliyesimama wima bila kitambaa cha midomo, masikio yamemwiva kwa haya. Uani Khezal, aliyekuwa akipepeta ngano na kusikia kila kitu kama ilivyo haki yake, alisema kwa sauti ya kutosha kwamba yeye miaka yote angetoa dhahabu mtu huyo anyamaze, na leo anatokea wa kumlipa aseme.

Mabega ya mzee yalianza kutikisika. Gulizar aliogopa kwamba analia, na kwa kweli kidogo alikuwa analia. Akaichukua bangili, akaushika mkono wa mkwewe, akairudisha mahali alipoiweka siku ile.

"Umefunguka," akasema. "Chukua, mimi wa bangili mimi? Haya, niseme nini?"

"Pole pole sema," akajibu Gulizar. Akatafuta jina, akalipata, akalisema chini chini. "Perwin."

Mzee aliuacha uzi. Akatikisa kichwa, lakini si kwa kumkatalia. Akamwambia kwamba hiyo itakuja, akishapata maneno ya kuibebea. Hadithi ile ni nzito, haibebwi na mtu mwenye chumvi na mkate peke yake. Leo waanze mwanzo kabisa. Gulizar alielewa *itakuja*, alielewa *leo*. Akaketi pembeni, mahali pake.

Basi mzee akakikusanya kitambaa alichokifuma, kile chenye vifundo, akakifanya kilima. Akasema, Judi. Akapitisha viganja juu ya kila kitu, huku na huku, akasema maji. Maji kila mahali. Watu wote wamekufa, wote, na akalaza kichwa begani akafumba macho ili aeleweke. Kisha akachukua kile kijiti cha kupitishia uzi, kilichochongwa kama mtumbwi, akakipitisha hewani kama kinaelea, akakipandisha polepole mpaka kikatua kileleni mwa vifundo. Nuhu akafungua mlango. Akatoa mguu. Na hapo, chini, mzee akasimamisha kidole chake cha shahada, akakiinamisha kidogo: mchungaji, ameegemea fimbo. Mchungaji akamwambia Nuhu, umekuja kwa heri, njoo ule mkate. Kwa Kikurdi. Mzee akaegemea nyuma, akasubiri heshima yake.

Gulizar alikuwa ameelewa. Si kila neno, lakini hadithi yote, kutoka maji mpaka mkate, ilikuwa imeingia na kukaa. Aliitazama ile safina, akakitazama kile kidole. Paji lake likakunjamana, na safari hii hakuwa anaiga uso wa mtu. Alianza kuokota maneno moja moja, kama anayechagua mawe kwenye dengu.

"Baba. Watu wote kufa?"

"Wote."

"Wote wote?"

"Hakubaki hata mmoja, mwanangu. Ila waliokuwa ndani ya safina."

"Basi huyu mchungaji," Gulizar akauliza, "yeye katoka wapi?"

Uani ungo ulikoma kupepeta. Mzee Shemdin alibaki na kidole hewani. Halafu kikaanza kutoka kwa Khezal kule nje, kicheko kikavu cha mtu ambaye swali hilo hilo amelitupa mbele ya wageni tangu ujana wake. Kikamshika mzee, akacheka mpaka safina ikaanguka kutoka Judi, na Gulizar akacheka pamoja nao, kwa wakati wake, akijua wanacheka nini.

"Khezal," mzee aliita akijifuta macho kwa ncha ya mkanda, "kwisha habari yangu. Sasa mko wawili."